Aliyeinua Amekubali

Bega la kulia la Yunusi lilikuwa na sugu nene kama kisigino. Lilianza kuota alipokuwa kijana, akibeba pembe za ndovu za watu kwenda Bagamoyo, na likaendelea kukomaa hata baada ya gari la moshi kufika Morogoro na kuwanyang'anya wapagazi njia ya pwani. Milimani gari la moshi halikuweza kupanda. Huko juu Wadachi walichimba ulanga, jiwe lile linalong'aa na kubanduka kama karatasi, na kila kilichokwenda machimboni, unga, chumvi, sululu, kilipanda juu ya mabega ya watu wa Mlali na Matombo.

Wapagazi walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Mzigo ukiwa chini, mnabishana mpaka mate yawakauke. Ukishainuliwa, maneno yamekwisha, na bei iliyotamkwa mwisho ndiyo bei. Aliyeinua amekubali.

Tajiri wao alikuwa Mdachi mmoja mwenye duka karibu na stesheni. Watu walimwita Bwana Beimoja, kwa kuwa ndivyo alivyomjibu kila mnunuzi. Kiswahili alikijua, na sheria ya wapagazi aliijua zaidi. Masika yaliyopita alimwambia Yunusi kwamba kasha fulani lilikuwa la sabuni. Yunusi aliliinua, akasikia mifupa ikilia. Ndani mlikuwa na misumari. Alipotaka nyongeza, Bwana alicheka.

"Umeinua, Yunusi. Umekubali."

Akalibeba. Njiani kwenda Matombo, penye utelezi, kitu kilikatika ndani ya bega lake, na tangu siku ile mkono haukupanda kupita sikio.

Mpagazi asiye na bega ni nani? Kwa akida, mkusanya kodi wa serikali, alikuwa mtu wa kupelekwa mashamba ya pamba akatafute kodi, na waliorudi kutoka huko walirudi wamenyamaza, kana kwamba sauti zao zimebaki huko kulipa kitu. Yunusi hakutaka kunyamaza. Siku moja aliiona dukani baiskeli mpya, nyeusi, usukani wake bado umefungwa karatasi, akaona humo maisha yake yaliyobaki: ndizi na mboga za Mlali zikishuka hadi stesheni bila kumpitia begani. Yeye na mkewe Mwaisha, mfinyanzi, walifukua chungu walichokuwa wamekizika chini ya kitanda. Zilikuwamo rupia sitini. Hapakuwa na chungu kingine.

"Mia moja," alisema Bwana Beimoja.

"Hamsini," alisema Yunusi.

Stambuli, nyapara wa wapagazi, alikuwa ameegemea mlango. Aliangua kicheko. "Hamsini! Kwa hamsini utapata gurudumu moja, ulikimbize barabarani kama mtoto!"

"Pampu bei yake mbali," Bwana aliongeza. "Kengele bei yake mbali."

"Na pumzi iliyomo magurudumuni, Bwana? Nayo bei yake mbali, au hiyo ni ya Mungu?"

Wanawake waliokuwa wakinunua chumvi walicheka. Bwana hakucheka. "Ishike," alisema. "Inyanyue uone ilivyo nyepesi."

Yunusi aliweka mikono yake nyuma.

"Anaiogopa," alisema Stambuli. "Anadhani itamuuma."

"Iliyoniuma naijua," alisema Yunusi.

Bwana alilainisha sauti, kama mtu anayemwita kuku. "Basi nakupunguzia. Themanini. Weka kidole kwenye mkataba huu, ukafanye kazi kwenye pamba ya rafiki yangu, tukukate kwenye ujira huko huko. Ukimaliza, baiskeli yako."

"Mimi nimekuja kununua, Bwana. Sikuja kuuzwa."

Akatoka. Njia ya Mlali ilikuwa ndefu jioni ile, na milima kushoto kwake ilikuwa imejifunika ukungu kama mtu asiyetaka kuulizwa neno. Alimkuta Mwaisha akilainisha shingo ya mtungi.

"Uliishika?"

"Sikuishika."

"Afadhali." Aliendelea kuzungusha mtungi, kidole gumba kikipita na kurudi. "Na yeye je? Uliwahi kumwona anainua kitu?"

"Bwana Beimoja? Hata kofia yake huokotewa."

"Basi siku akiinua," alisema Mwaisha, "wewe uwe ndiye uliyesema mwisho."

Yunusi alimtazama, kisha akacheka mpaka bega likamuuma.

Alingoja siku ya msafara. Asubuhi hiyo ua wa duka ulijaa wapagazi, mizigo imepangwa chini safu kwa safu, na Stambuli akigombana nao juu ya ujira na posho. Yunusi alimwendea mkongwe wao.

"Shikamoo, mzee Ahmadi."

"Marahaba. Bega vipi?"

"Linapumua. Leo msiwe na haraka ya kuondoka."

Mzee alimwangalia usoni, akaitikia kwa kichwa polepole. Mabishano yalipokwisha, wapagazi waliinua mizigo. Ndipo Yunusi alipoingia dukani.

"Umekuja kutia kidole?" aliuliza Bwana.

"Nimekuja kununua. Lakini humu mna giza. Nasikia baiskeli hii ni kuukuu, imepakwa rangi tu."

Uso wa Bwana uliiva. "Imetoka Ulaya ndani ya kasha! Nimeifungua mimi!"

"Hata lile kasha la sabuni lilitoka Ulaya."

"Itoe nje uitazame, mpumbavu!"

"Mkono wangu haupandi, Bwana. Na sababu unaijua."

"Stambuli!"

Stambuli alikuwa uani, akisukumana na wapagazi ambao ghafla kila mmoja alikuwa na kamba ya kukaza. Hakusikia.

"Bei yangu ya mwisho ni sitini," alisema Yunusi, kwa sauti iliyofika nje. "Pamoja na pampu yake na kengele yake. Rangi nitaiona juani."

Bwana Beimoja alitukana kwa lugha ya kwao. Aliikamata baiskeli kwa mikono miwili, akainyanyua, akavuka nayo kizingiti na kushuka ngazi, akaisimamisha katikati ya ua. Jua likawaka kwenye vyuma vyake na kwenye kengele iliyofungwa usukanini. Ilikuwa mpya kweli, na nzuri kupita kiasi.

"Haya! Tazama! Ni rangi tu hiyo?"

Kisha mzee Ahmadi, kasha begani, alisema kwa utulivu, "Ameinua."

"Ameinua!" walipokea wengine. "Amekubali!"

Bwana aligeuka huku na huku. Alipofahamu, mkono wake ulikwenda kwenye kiboko kilichoning'inia kiunoni mwake. "Mimi si mpagazi! Sheria yenu hainihusu mimi!"

Yunusi hakurudi nyuma. "Uliponibebesha misumari ilikuhusu."

"Ilikuwa biashara!"

"Na hii?"

Mzee Ahmadi alilishusha kasha lake chini taratibu. "Kama kuinua si kukubali," alisema, "basi na sisi hatujakubali. Tuanze bei upya."

Kishindo kikafuata kishindo. Mizigo yote ilirudi chini, na wapagazi wakasimama kando yake, mikono nyuma. Stambuli alitazama zile nyuso, akasogea kando.

Bwana Beimoja aliitazama milima. Wingu lilikuwa linashuka. Machimboni walikuwa wanangoja unga. Kiboko kingeweza kumpiga mtu mmoja. Kisingeweza kubeba hata gunia moja.

"Lete," alisema hatimaye, na kunyoosha kiganja.

Yunusi alimpa mfuko wenye rupia zote sitini. "Na pampu, Bwana."

Pampu ilirushwa vumbini. Yunusi aliiokota, akaifuta kwa kanzu yake, kisha kwa mara ya kwanza akaigusa baiskeli. Chuma kilikuwa cha moto kama kiumbe hai.

"Panda basi!" Stambuli alimtania, sauti ikiwa imemnyong'onyea. "Kumbe hata kupanda hujui!"

"Sijui," alisema Yunusi. "Leo itanifuata tu. Nimebeba vya kutosha."

Aliikokota mpaka mbele ya boma la serikali, ambako askari alisimama na bunduki na watu walizoea kupita wameinamisha vichwa. Hapo Yunusi alipunguza mwendo, akainua uso, akapiga kengele.