Bega la Kai

Kai wa Mjambere alikuwa miongoni mwa wa kwanza Kisauni kulipwa kwa kurusha mpira wa besiboli. Bidhaa yake ilikuwa moja tu, mkono wa kulia. Bega lilipoteguka kocha alimwambia apumzike. Yeye akaenda kwa shangazi yake, Kafedha, akandwe kwa mafuta moto ya nazi.

"Shangazi, polepole!"

"Nyamaza, mwanamume mzima! Kwani wazaa?"

Kafedha akavuta mpaka kitu kikakatika ndani.

Jumamosi Kai alisema amepona. Kocha, kwa shaka, akamweka nyuma kabisa, kazi yake kudaka. Mpira ukaja, akaudaka vizuri. Kuurudisha akashindwa; akakimbia nao kama aliyebeba yai, wapinzani wakizunguka uwanja kujipatia pointi, wakicheka.

Hakuitwa tena. Shangazi bado humwuliza kama bega limepoa.

"Limepoa, shangazi."