Nilivyokosea gia za pikipiki ya matairi matatu ya dada yangu, na Kariakoo ikanirekebisha

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina swali, nina shukrani. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kijiwe changu kipo Buguruni. Dada yangu, tumwite Dada Eli, ana kizimba cha vitenge Kariakoo. Ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, dada akanitoa Moshi akanileta hapa Bongo, akanisomesha kwa vitenge hivyohivyo.

Kisukari kikamchukua mguu wa kushoto, chini ya goti.

Alipotoka hospitali alikaa ndani muda mrefu, kizimba kimefungwa. Akaanza kusema atakiachia, arudi Moshi akapumzike. Wakuu, nyie hammjui dada. Kumkalisha bila kuuza ni kumzika mapema, na mimi roho iliniuma kweli.

Nikaamua kumtengenezea pikipiki ya matairi matatu. Fremu nyepesi ya bomba, kiti chenye mgongo, na sehemu ya kuchomeka magongo. Injini nikachukua ya pikipiki ndogo, zile zisizo na klachi ya mkono: ukivuta mafuta inashika yenyewe. Gia za mguu nikazihamishia mkononi. Vibali tulifuata, msianze.

Ikabaki sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Kwa wasiojua: ya mbele ikiwa kubwa na ya nyuma ndogo, chombo kinakimbia. Ukigeuza, kinapata nguvu lakini kinaenda taratibu.

Nikapiga hesabu zangu. Dada mwepesi, fremu nyepesi, njia tambarare. Nguvu ya nini sasa? Nikaweka meno 17 mbele, 34 nyuma. Nilitaka akiwa barabara ya Uhuru asionewe na bajaji.

Na barabarani ilikuwa tamu. Nilimfuata kwa bodaboda, naangalia mtandio wake unavyopepea, nikajiona fundi kwelikweli.

Tukaingia uchochoro wa kwao Kariakoo. Mnajua palivyo: mikokoteni, wapagazi, watu bega kwa bega. Chombo kikawa hakijui kutembea. Akivuta mafuta kidogo kinatetemeka, klachi inateleza na kuanza kunuka. Akiongeza kinachomoka, watu wanaruka pembeni. Ikabidi kila akipata upenyo apite chap, macho mbele, mikono imeng'ang'ania usukani.

Alipofika kizimbani alizima injini, hakushuka. Majirani walisimama wanamtazama, hakuna aliyesogea. Akaniambia turudi nyumbani.

Kesho yake akasema hapandi tena, na akaniomba nimtafutie mtu wa kukichukua kizimba.

Nikadhani ni aibu ya mguu. Nikaanza kumtia moyo, nikamtajia watu wenye magongo wanaochapa kazi mjini hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Mguu nilishaulilia, mdogo wangu, nikamaliza. Nimempita Mama Zuhura sijamsalimia. Nimempita yule mzee wa vitunguu. Watu walikuja kunitazama hospitali, leo nawapita kama siwajui. Pale kwanza ni salamu, vitenge vinafuata."

Na hilo nilikuwa nalijua tangu utoto. Nikienda naye sokoni, kauchochoro kadogo tulikuwa tunakamaliza jua limeshapanda. Mara za nyumbani, mara mgonjwa anaendeleaje, mara mtoto kafaulu? Na mimi navuta khanga yake: dada, twende.

Nikarudi kijiweni. Safari hii sikuanza na uzito wala barabara. Nilimwomba mke wangu atembee kama anatoka sokoni, ndoo kichwani, nami naendesha pembeni yake. Alinicheka, lakini alitembea. Nikawa nabadilisha sproketi mpaka gia ya kwanza ikaenda naye sambamba bila klachi kuteleza.

Ikatulia kwenye meno 14 mbele, 45 nyuma. Cheni nikaiongezea pingili.

Ni kweli, barabara ya Uhuru sasa bajaji zinampita zinavyotaka, na injini inapiga kelele mapema. Dada hajali hata kidogo.

Siku tuliyorudi nilitembea kwa miguu pembeni yake. Chombo kikaingia uchochoroni mdogomdogo. Mama Zuhura, anayeuza ndala mwanzoni mwa njia, aliacha wateja wake akashika usukani, wakaenda hivyo wanaongea. Wapagazi wakawa wanampa shikamoo zao, naye anaitikia marahaba na kuwaulizia mama zao mmoja mmoja. Mzee wa vitunguu alifuta macho kwa kofia yake, akasingizia vitunguu.

Jua likawa kali, shati limelowa, na kizimba bado nakiona kwa mbali. Nikafungua mdomo. Dada hata hakugeuka.

"Usiniambie twende," akasema.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na wakuu, si yote yalikuwa ya kucheka.

Kizimba kipo wazi mpaka leo. Moshi anaenda Krismasi tu, kama Wachaga wenzake wote.

Nilichojifunza: kabla hujanunua sproketi, muulize mwenye chombo atapita wapi na atasimama kwa nani. Namshukuru Mungu kwa dada yule. Namshukuru pia kwamba kosa langu lilikuwa la chuma, na chuma kinafunguliwa kwa spana.

Wenye uzoefu wa vyombo vya watu wenye ulemavu, mwagikeni hapa, nasoma kila kitu. Na wewe unayejiandaa kuniambia 14 kwa 45 inamaliza cheni haraka: najua, mkuu. Cheni zinauzwa.