Meza ya Skrini Ambayo Haijatoka

Wanawake wenzangu hulalamika kwamba waume wao wana mtu nje. Wangu alikuwa naye ndani, sebuleni, na mtu mwenyewe alikuwa ni katoni.

Ilianza na video. Mume wangu anatengeneza kompyuta katika duka moja dogo mjini, na akirudi nyumbani, badala ya kupumzika mbali na kompyuta, anakaa mbele ya ile yake, aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya huku na huku, na kuendesha magari ya mchezo. Hilo nilishalizoea. Kisha akasikia kwamba kampuni fulani ya mbali inatayarisha skrini mpya za michezo, pana ajabu, zilizopinda kidogo pembeni ili zimzunguke anayecheza. Zilikuwa hazijatoka. Hakuna aliyegusa hata moja. Lakini kila jioni baada ya kula alifungua simu kuwaangalia watu wa nchi za mbali wakikisia zitakuwaje, na aliwaangalia kwa umakini ambao sijawahi kuuona usoni mwake, hata siku aliyokuja kwetu kunichumbia. Na siku hiyo nilikuwa nimependeza.

Kwao ni Butembo, watu wa biashara za mbali. Amekulia katika nyumba ambamo baba alikuwa akingoja kontena kutoka China miezi na miezi, na mezani hakuna aliyezungumza kingine. Kungoja mzigo, kwao, ni kazi ya mwanaume. Mimi natoka milima ya Masisi. Na sisi tunangoja, tunangoja ng'ombe azae, lakini angalau tumbo tunaliona.

Siku moja akapata vipimo vya hizo skrini. Alichukua makatoni ya televisheni dukani kwake, akayakata, akayagundisha, akayapaka rangi nyeusi, akapata skrini ya katoni yenye upana uleule wa ile itakayotoka. Akaiweka juu ya meza yetu ya zamani. Ikaning'inia pande zote mbili. Basi akaenda kwa seremala.

Hapa ndipo roho iliponiuma. Mimi ni mshonaji. Tangu tuoane nilikuwa namwomba meza ndefu ya kukatia vitambaa, kwa sababu nilikuwa nakata nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na saruji ya nyumba yetu haina huruma kwa magoti ya mtu. Jibu lilikuwa lilelile: mbao zimepanda, tutaona, seremala amesafiri. Kumbe seremala alikuwepo! Kwa ajili ya skrini ambayo haijazaliwa, meza iliingia nyumbani kabla wiki haijaisha, ndefu, imepigwa randa mpaka inateleza. Niliipapasa kwa kiganja na nikataka kulia, sisemi uongo.

Iliwekwa chini ya dirisha. Chini ya dirisha ndipo ilipokuwa cherehani yangu.

"Kwa dirisha kuko hewa," akaniambia, akiigonga kompyuta yake kwa kidole. "Ordinateri haitashika moto. Weye utashonea pale kwa mulango ya kuisini, mama. Ni pazuri pia."

Pale mlangoni mwa jikoni nuru ilikuwa ya kubahatisha. Nilikuwa nikitunga uzi kwenye sindano nakunja uso kama bibi kizee, huku katoni imekaa kwenye mwanga wangu, imenyooka, haina kazi yoyote. Jirani yangu alikuja kupima gauni, akaiona, akaniuliza ni nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta wa mbao.

"Mama, umeletewa muke mwenza! Na amepewa chumba ya mbele!"

Nilicheka naye, kwa adabu. Alipoondoka niliigeuza katoni ikatazama ukuta. Jioni mume wangu aliigeuza tena, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake.

Kitu alichokipenda kuliko upana ni jambo jingine, na alinieleza bila mimi kuuliza. Skrini za kawaida, alisema, zina mwendo wao. Kompyuta ikichelewa kidogo, skrini haijali, inaendelea tu, ndiyo maana picha inakatika katikati gari likikata kona. Hizi mpya haziko hivyo.

"Ekra hii inangojaka ordinateri," akasema, na macho yake yaling'aa. "Ordinateri ikienda polepole, nayo inaenda polepole. Ikikimbia, nayo inakimbia. Haimuachake mwenzake nyuma. Unaona vile iko muzuri?"

Nilikuwa nimeshika pasi. Nikaiweka chini.

"Na weye," nikamwambia, "ulishaka ningoja siku gani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la somo jingine. Lakini nilijua ninachosema. Mume wangu huanza kula kabla sijakaa. Humaliza sentensi zangu, tena vibaya. Tukienda misa Jumapili, yeye yuko mbele kule, mimi nyuma na viatu vyangu vya kisigino juu ya mawe haya ya volkano, nautazama mgongo wake mpaka mlango wa kanisa. Miaka yote ya ndoa nimesoma mgongo. Na sasa anakuja kunisifia kitu cha kiwandani, eti kinajua kumngoja mwenzake. Niliona wivu, na sikuona aibu.

Jumapili iliyofuata tulitoka kama kawaida, yeye mbele. Kwenye kona, akasimama. Nilidhani sioni vizuri. Alikuwa amesimama kabisa. Basi maneno yangu yamemwingia, nikajisemea. Niliweka kitambaa cha kichwa sawa, nikakaza mwendo, moyo unanidunda kama msichana. Nilipomfikia, alikuwa ameinua simu juu, anatafuta mtandao.

"Wametoa tarehe," akaniambia kwa furaha. "Ekra inatoka!"

Sikusikia hata neno la mahubiri siku ile.

Tarehe ilipofika alivaa shati safi. Alinunua mega za intaneti za kutosha, akaegemeza simu kwenye katoni, akaniita nikae karibu naye. Nilikaa. Tangu ndege ziache kushuka huku kwetu, mzigo wa skrini ungepitia ng'ambo ya mpaka, na alikuwa ameshampata mtu wa kuupokea. Mtu mmoja aliyevaa nguo nyeusi alijitokeza kwenye video, akaongea kwa muda mrefu, akaonyesha skrini inazunguka polepole kama bibi harusi. Mwishoni akasema kwamba wameona bora kuiahirisha. Siku mpya hakuitaja.

Mume wangu alirudisha video nyuma, akasikiliza tena.

"Wameisukuma mbele," akasema taratibu.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakimbilia jikoni nisionekane uso.

Asubuhi yake aliibeba katoni, akaiweka nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akaenda kazini. Meza ikabaki tupu. Nilikuwa na vitenge vya akina mama wa kwaya, vya sikukuu ya parokia, vingi, na nilikuwa naviogopa kwa sababu ya magoti yangu. Nilitandaza kitenge cha kwanza juu ya meza. Kilinyooka chote, mwanzo hadi mwisho. Nikakata nimesimama, kwenye nuru, mkasi unatembea wenyewe, na nikajikuta naimba.

Aliporudi nilijua kutakuwa na maneno. Alisimama mlangoni, akatazama vitambaa vilivyoifunika meza yake. Kisha akaweka mfuko wake chini, akaenda upande wa pili, akashika ncha ya kitenge kilichokuwa kinateleza. Nikivuta, anaachia. Nikisimama, anasimama. Hakuniharakisha, hakunimalizia kitu. Tulikata vitenge vitatu hivyo, yeye kule, mimi huku, nami nilikata taratibu nisije nikaharibu.

"Unakataka vizuri ukiwa umesimama," akasema.

"Niliishakwambia."

"Ikitoka, tutakusogeza kidogo tu."

Tangu siku ile cherehani yangu imerudi dirishani na ncha ya pili ya kitenge ina mtu wa kuishika. Na kila asubuhi, kabla sijawasha moto, mimi ndiye ninayefungua simu kutazama kama wametaja siku. Akiniona hivyo mume wangu huuliza kutoka kitandani, "Imetoka?" nami namjibu, "Bado," kisha naenda kuwasha moto nikiimba. Amefurahi kweli. Amewaambia wenzake dukani kwamba bibi yake naye ameipenda ile skrini, kwamba hatimaye tunangoja kitu kimoja.