Sahani za Baba Mkwe

Niliishi ua mmoja na baba mkwe wangu, huku Ipinda, kwa miaka mingi bila kumtazama usoni. Sisi Wanyakyusa tuna desturi tunayoiita kutila: mke wa mtoto humwogopa mkwe wake wa kiume na kumkwepa. Nikisikia fimbo yake njiani, nilijifunika kitenge na kuingia migombani mpaka apite. Wenzangu wa mjini Kyela walikuwa wameshaanza kuwapa wakwe zao mikono kama wanaosalimiana na diwani, lakini mzee wetu alikuwa mtu wa kale, na mimi, pamoja na mdomo wangu huu usio na kufuli, nilishika adabu.

Kwa hiyo nilimjua kwa sahani. Mama mkwe alikuwa ametangulia, na mimi ndiye niliyempikia mzee. Naweka chakula mlangoni pake, nakohoa, naondoka. Sahani ikirudi, nasoma habari zake. Miiba ya samaki mbasa iliyonyonywa mpaka ikang'aa, mzee ni mzima. Wali uliosukumwa pembeni, kuna mtu kamuudhi kikaoni.

Mwaka ule sahani zilianza kurudi zimejaa. Kisha mkojo ukamfunga, wanawe wakambeba hospitali. Alirudi na mpira wa mkojo na mfuko wake, na maneno ya daktari ambayo mume wangu aliniambia kwa kunong'ona: ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa ya kiuno. Tiba iliyokuwepo ilikuwa kumtoa makende, kwa kuwa humo ndimo inamotoka homoni inayoilisha saratani ile. Hatapona kabisa, lakini ugonjwa utalala. Mzee alikataa. Alisema heri afe mwanamume.

Basi wanawe wakageukia madukani. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kyela ile ile tulikokuwa tukipanga foleni ya sabuni sasa ilikuwa na kila kitu, pamoja na makopo ya unga na vidonge yenye picha za wanaume waliotuna misuli. Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alileta kopo lake na mwiko wake. Huyu alisema asile samaki. Yule akasema asile chumvi. Wa tatu, sijui aliota wapi, akasema ndizi zinakuza uvimbe. Katika nchi yetu ukishamnyima mtu samaki na ndizi, umembakizia nini? Nikaachiwa uji wa unga wa kopo na majani machungu.

Siku moja nilitumwa kununua kopo jingine kwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Aliniuliza nani anaumwa. Nilipomweleza, alilirudisha kopo kwenye rafu. Akasema dawa ile ni ya kuleta hamu ya kula tu, na kama mgonjwa wangu amekatazwa chakula, hiyo hamu ataipeleka wapi? Nilirudi mikono mitupu. Shemeji zangu wakaenda kulinunua duka la pili.

Siku yenyewe wanaume walikuwa shambani wakivuna mpunga. Niliweka uji, nikakohoa, nikageuka. Sauti yake ikatoka ndani.

"Wewe unayenipikia. Ingia."

Nilijibu nikiwa nimeuelekea ukuta kwamba ningekwenda kumwita mtu.

"Nimekuita wewe," alisema.

Niliingia nimejifunika, akaniambia nijifunue. Nikamtazama. Ulikuwa uso wa mume wangu, umezeeka na kukonda, na miaka yote ile nilikuwa nikiulisha bila kuujua. Machozi yalinitoka kwa mshangao mtupu. Nilijiona kama niliyeingia kanisani na viatu vya matope.

"Niambie kweli," alisema. "Nakufa kwa ugonjwa au kwa njaa?"

"Kwa vyote viwili, tata," nilimjibu, maana ndivyo tunavyowaita baba zetu. "Dawa ya njaa ninayo jikoni. Ya ugonjwa iko hospitali, na umeikataa."

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake akasema mkewe angekuwa hai angemuuliza yeye, kwa sababu wanawe wanamwogopa na mtu anayekuogopa hakwambii kweli. Ndipo akauliza lililokuwa likimla kuliko saratani.

"Nikitolewa, utanipikia kama unavyompikia mwanamume?"

"Nitakupikia kama ninavyompikia tata."

Mchana ule alikula samaki na ndizi, kidogo kidogo, nimekaa pale pale. Wanawe walirudi jioni wakamkuta ameshaamua.

Alipasuliwa. Muuguzi alituambia tumlishe chakula cha watu: samaki, maharage, mboga, nyanya, matunda, na maji ya kutosha. Alisema hakuna kopo linaloondoa saratani, na mzee asinywe unga wala mizizi yoyote bila kumwonyesha daktari kwanza. Lakini mimi sikuwa nikimsikiliza vizuri. Nilikuwa nikimtazama mzee ambaye juzi alikuwa akilia akigeuzwa kitandani, na sasa ameketi mwenyewe na miguu inaning'inia. Nimesikia miujiza mingi ikihubiriwa. Huu niliuona kwa macho yangu, na ulikuwa ukiomba chumvi.

Baadaye hata mpira ulitolewa. Ugonjwa ulikuwa umelala kweli, na mzee alianza kwenda kukagua kakao yake.

Msimu uliofuata alifariki mtu wa rika lake, kule Ipyana. Watu walinong'ona kwamba mkojo ulimfunga naye akaona aibu kusema, hata kwa mkewe. Msibani wanaume walikaa upande wao, sisi wanawake upande wetu. Kabla ya maziko baba mkwe aliomba kusema neno. Nilidhani atasimulia ujana wao.

"Mkojo ukiwafunga, nendeni hospitali," alisema. "Mimi nimetolewa makende, na nimekuja hapa kwa miguu yangu. Huyu tunayemzika, yake anayo."

Hakuna aliyecheka. Mwili wote ulinisisimka, nikamshika mkono mama niliyekaa naye, na sikumjua ni nani.

Asubuhi yake wazee wawili walifika kwetu. Walisimama uani muda mrefu wakizungumzia mvua. Nikawaambia tata yuko ndani, waingie.