Kisanduku cha Kusahihishia Skopu

Mimi si fundi, na mtu asiniite fundi. Lakini kati ya wanawake wote wa kambi ya jeshi pale Arua, mimi peke yangu nilijua kusoma skopu. Skopu ni ile mashine yenye kioo cha kijani inayochora umeme kwa mstari, ili fundi wa redio aone ugonjwa uko wapi. Mume wangu alikuwa fundi wa redio za jeshi. Skopu yake ilikuwa kuukuu, nzito, ukiinyanyua unamwita mama yako.

Mashine kuukuu inadanganya. Leo inakuambia nne, kesho kwa umeme uleule inakuambia nne na nusu, bila haya. Ndiyo maana tulikuwa na kisanduku. Kilikuwa cha bati, kinaenea kiganjani, kinatumia betri, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutoa umeme wa kipimo kinachojulikana, usiopanda wala kushuka. Unakiunganisha na skopu, na mstari lazima ujaze vyumba vinne kati ya vile vilivyochorwa kwenye kioo. Usipojaza, kosa ni la skopu. Hapo unazungusha skrubu ya ubavuni mpaka ikubali.

Skrubu iko ubavuni, kioo kiko mbele, na mtu mmoja anahangaika. Basi kila kiangazi yeye alichuchumaa na bisibisi, mimi nikakaa mbele ya kioo.

"Soma," ananiambia.

"Bado."

"Soma."

"Umepita, mzee. Rudi. Unakimbilia wapi?"

Anacheka. Nikisema "nne kamili," anakwaruza bati la skopu kwa msumari pale skrubu ilipoelekea. Mkwaruzo wake ulilalia kushoto, maana alitumia mkono wa kushoto. Siku hiyo niliipenda kuliko Idi, na Mungu anisamehe.

Mwaka 1979 serikali ilianguka, na sisi familia za askari tukakimbia. Tulikuwa na desturi yetu: safari ya hatari, usibebe nyumba yote kwa kichwa kimoja. Mnagawana, ili mmoja akiporwa, mwingine afike na kitu. Wengine waligawana unga na sufuria, na walifanya vizuri. Sisi tukagawana skopu na kisanduku chake! Yeye akafunga skopu kwenye baiskeli, mimi nikafunga kisanduku kiunoni ndani ya kitenge. Tukutane Koboko, kwa shangazi yake. Wajinga wawili. Mwenye unga ataazima sufuria kwa jirani, lakini mwenye kisanduku ataazima skopu kwa nani?

Nilifika Koboko, yeye hakufika. Niliketi barabarani siku tisa. Siku ya kumi risasi zikasikika karibu, shangazi akanishika mkono, tukavuka kuingia Zaire. Watu walisema wenye baiskeli wamegeuzwa njia ya Sudan. Walisema tu. Hakuna aliyemwona.

Miaka niliyokaa ng'ambo nilimtamani mume wangu. Sisemi kwa mafumbo. Nilitamani mikono yake, na shati lake lililonuka moshi wa kulehemu. Kiangazi kikifika nilikuwa natafuta betri kwa shida, nakiwasha kisanduku, taa yake nyekundu inawaka. Kinatoa umeme wake sahihi, na hakuna wa kuusoma. Wanawake wakaniambia subira huvuta heri. Nikawajibu, heri hiyo inavutwa kwa kamba gani, maana mikono yangu imechubuka. Mwanamume mmoja mwema akataka kunioa. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu. Akaniuliza mtu huyo yuko wapi, nikamfukuza. Aliniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nililala nalo kila siku.

Tulirudi, nikapata chumba Awindiri, mtaa wa Arua. Mnamo mwaka 1990 jirani yangu alitoka sokoni anacheka: ati fundi mmoja wa redio amepata televisheni ya ajabu, haionyeshi watu, inaonyesha mstari tu. Wee! Niliacha maharage motoni. Nilichukua kisanduku nikaenda mbio, mwanamke mzima, kanga inaburuta.

Ilikuwa yenyewe. Niliinama ubavuni kabla hata ya salamu. Mikwaruzo yetu mitatu ya Arua ilikuwapo. Baada yake ilikuwapo mingine saba, yote imelalia kushoto.

Saba. Aliishi viangazi saba baada yangu! Nilipiga kelele, fundi akadhani nimeumwa na kitu.

"Mama, hii kitu iko mbovu," akasema. "Inasema uongo."

Nikaunganisha kisanduku. Mstari ulijaza karibu vyumba vitano. Kila mkwaruzo ulikuwa umesogea mbali zaidi na ukweli kuliko uliotangulia. Alikuwa anakisia, masikini, peke yake, hana kipimo na hana wa kumsomea. "Umepita, mzee," nikakiambia kile kioo. "Rudi." Nikacheka na machozi yakawa yananitoka.

Nikamwuliza fundi nani aliyemletea.

"Mama mumoja ya kutoka Sudan. Alisema iko ya bwana yake. Mutu alikufa, miaka ine sasa."

Ya bwana yake. Nilisimama pale nimeshika waya. Nikauchomoa, nikasema asante, na fundi hakujua ni asante ya nini.

Kesho yake nilikwenda kwa shehe. Wivu sikuwa nao, au nilikuwa nao kidogo. Nilitaka kujua namna ya kuanza eda yangu: nguo nivae zipi, nani anitekee maji siku ambazo sitatoka. Nilitaka kukaa ndani na kuitwa mjane wake.

Shehe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, eda inahesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Yako imekwisha zamani. Hata kuolewa unaweza."

Mke mwenzangu wa Sudan alipewa miezi minne na siku kumi za kumlilia. Mimi sikubakiziwa hata moja.