Siku Nilipokimbiza Munigi Yote

Nitaisimulia mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kwa watu wengine wakiiongezea chumvi. Wapo wanaosema nilikuwa uchi (uongo, nilikuwa na kaputula ya manjano), wapo wanaosema nilikuwa nimelewa (asubuhi ile sikuwa nimekunywa hata chai), na kuna mmoja wa kwaya yetu anayeapa kwamba nilikuwa napiga filimbi. Hakukuwa na filimbi. Aibu yenyewe ni yangu, siikatai, na acheni niibebe leo kama nilivyoibeba siku ile, yaani mgongoni.

Mimi ni mtu wa Mapendo, hapa mjini Goma, wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu, na ugonjwa wangu unajulikana na mtaa mzima: napenda kukimbia. Si mashindano, sijawahi kushinda kitu. Nakimbia ili kuona. Siku za kazi nashuka hadi ziwani, nafuata maji kabla motari, wale wa pikipiki za abiria, hawajaanza kelele zao, narudi. Lakini Jumamosi napanda, na njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Munigi: unaacha lami, unaingia kati ya mashamba ya maharage yaliyooteshwa juu ya mawe meusi ya volkano, mengine yalimwagika enzi za mababu na mengine yalimwagika sisi tukiona kwa macho yetu, halafu unapita mikaratusi, unapanda kilima kimoja kisicho na sifa yoyote, na ukifika juu ziwa lote liko chini yako na mlima uko nyuma yako na moshi wake. Pale huwa nasimama. Mtu asiyesimama pale hana macho.

Sasa Jumamosi hiyo mchana tulikuwa twende kujitambulisha kwa kina Solange, msichana niliyetaka kumwoa. Ni ile siku wajomba na baba wadogo wa kijana wanavaa suti, wanakaa sebuleni kwa watu, wanazungukazunguka kwa maneno matamu, na mwishoni baba wa msichana anasema kama mlango umefunguka au hapana. Akisema hapana, mnakunywa maji na kurudi nyumbani. Na mimi nilijua baba yake, Papa Solange, alikuwa ameegemea upande wa hapana hata kabla hajaniona sura, kwa sababu alisikia tabia yangu na akamwambia binti yake: "Mutu mwenye kukimbia bila kitu kinamufukuza, huyo haiko muzima." Solange akaniomba sana. "Pascal, ile siku usikimbie. Lala. Nyoa ndevu." Nikaahidi.

Nikaamka na mapema, ndevu nikanyoa zikaisha, na jua bado halijatoka. Ndipo likanijia wazo ambalo hadi leo naliona lilikuwa la busara. Kwao sikuwahi kufika, nilijua tu kwamba ni chini ya kale kasoko ka Munigi, karibu na kanisa. Je, mchana nikiwapoteza wakubwa wangu njiani na suti zao? Nikajiambia niende kuangalia njia. Si kukimbia, ni kuangalia njia. (Oneni jinsi mtu anavyojidanganya akiwa na viatu vipya.)

Kupanda kulikwenda vizuri mno. Kule juu ya kilima kulikuwa kumetulia, ziwa halina hata mkunjo, mlima umejifunika wingu zito hadi shingoni, na mimi nikakaa juu ya jiwe nikiwaza maneno nitakayomwambia Papa Solange, nikakaa, nikakaa, na nilipoangalia saa nikaruka: suti ilikuwa bado kwa fundi, na papa mudogo wangu, msemaji wetu, ni mtu anayemsubiri mwenzake kwa hasira. Nikashuka mbio. Ule mteremko una vumbi jeusi la volkano, ukikimbia linapanda hadi usoni, na mbele yangu mbuzi wamejaa njia nzima, nikawa nawafukuza kwa mikono yote miwili juu, na miguu ikishika mteremko ule haisikii tena amri ya mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoingia sokoni. Mama mmoja alikuwa anapanga shu zake, yaani kabichi, juu ya gunia, akainua kichwa.

"Papa, kuko nini?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Nikaonyesha nyuma kwa mkono, nikimaanisha natoka huko juu, mama, habari ya asubuhi. Nikapita.

Mtu wa Goma akisikia hapa huwa ameshashika kichwa. Kwetu mtu akitoka upande wa mlima mbio, mweusi kwa vumbi, macho yamemtoka, anaonyesha nyuma, hakuna anayeuliza mara ya pili. Mlima ule tumeukimbia tukiacha maharage motoni, na tumekimbia mengine mabaya kuliko mlima. Unakimbia kwanza, unauliza ukifika. Nami nayajua hayo, nimekulia humu humu, lakini asubuhi ile nilikuwa nawaza suti.

Chini ya soko, baada ya kona, kamba ya kiatu ikafunguka. Nikainama nyuma ya ukuta wa mawe nikaifunga taratibu, na nilipoinuka nikasikia kelele, halafu nikawaona: watu, watu, watu wanashuka, wana masufuria, wana watoto, wana kuku wameshikwa miguu, mmoja ana mlango (sijui aliutoa wapi), na mbele yao wote muzee mmoja mnene na godoro kichwani, anakimbia kuliko vijana. Nikamuuliza: "Papa, kuko nini?"

"Mulima! Mulima imepasuka! Kimbia, kijana, usisimame!"

Nikageuka kuutazama mlima. Wingu. Huoni kitu. Lakini kando ya wingu kulikuwa na moshi (mtu alikuwa anachoma majani shambani kwake, tulikuja kujua baadaye), na mimi niliyetoka huko juu dakika chache tu zilizopita, niliyeona kwa macho yangu kwamba hakuna kitu, nikaamini. Nikasema, Mungu wangu, nimeponea chupuchupu. Nikaanza kukimbia hofu niliyoianzisha mwenyewe, tena mbio zile sijawahi kuzifikia hadi leo.

Nilipofika kwenye kanisa nikamwona bibi mmoja mzee sana, amekaa peke yake juu ya ukuta na fimbo yake, anatazama watu wanavyopita. Hakuna aliyesimama. Nami nilimpita, nisifiche, nilimpita hatua kadhaa, halafu miguu ikakataa. Nikarudi, nikainama mbele yake, nikamvuta mgongoni bila hata salamu, nikaondoka naye.

"Nishushe! Weye mutoto, nishushe!"

"Vumilia, mama, tunakaribia!"

"Tunakaribia wapi?"

Swali zuri. Alinipiga fimbo kichwani, akanitukana kwa Kinyarwanda ambacho sikijui (nashukuru), na mimi nikazidi kukimbia nikimwambia hatutakufa, hadi mtaa wa Majengo, ambako nikakuta watu wameanza kusimama na kuangaliana. Motari mmoja alikuwa amepigiwa simu na ndugu yake wa huko juu. "Mulima iko vile iko siku yote," akatangaza. "Ni muchizi moja na kaputula ya manjano alianza kukimbia, batu bakamufuata."

Kila mtu akatafuta kaputula ya manjano kwa macho. Nikamshusha bibi taratibu, nikakaa nyuma yake. Na ndipo simu yangu ikalia, Solange, analia.

"Pascal, waambie wakubwa yako wasikuye leo. Batu balikimbia hapa, kila mutu alizania mwingine amemushika Nyogokuru. Amepotea. Nyogokuru, mama ya papa."

"Alivaa nini?" nikauliza.

"Kitenge ya kijani na soksi nyekundu."

Nikaangalia chini. Soksi nyekundu zilikuwa zinanitazama.

Nilimrudisha kwa pikipiki, watu watatu juu ya chuma kimoja, Nyogokuru katikati, anaonyesha njia kwa fimbo. Nje ya nyumba tukamkuta yule muzee wa godoro, ndiyo kwanza anarudi, godoro bado liko kichwani, jasho linamtiririka. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Papa Solange: mapaja nje, sura nyeusi kwa vumbi. Alimkumbatia mama yake na godoro likaanguka. Akaniuliza weye ni nani, nikasema nimemkuta njiani, papa, nikapanda pikipiki kabla Solange hajatoka ndani. Nilijiambia nikioga na nikavaa suti hatanitambua.

Hakunitambua kweli. Solange alipiga tena kusema Nyogokuru amepatikana, tuje, na mchana tulipokaa sebuleni kwao, mimi nimejikunja nyuma ya papa mudogo wangu, alinitazama akapita. Papa mudogo akafungua maneno yake: kijana wetu ni mtulivu, hana haraka, ni mtu asiyesumbua majirani. Nikatazama viatu vyangu. Mlango wa jikoni ukafunguka, jirani aliyekuja kusaidia akaingia na sinia ya vikombe, na alikuwa nani kama si yule mama wa shu.

"Ni huyu! Huyu ndiye wa kaputula!"

Papa mudogo alinigeukia polepole sana. Papa Solange akaweka mikono juu ya magoti.

"Weye ndiye ulifukuza Munigi yote asubuhi?"

"Ndiyo, papa."

"Na mulima?"

"Mulima haikufanya kitu, papa."

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

"Sport, papa."

Alilirudia lile neno kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa, na nikaona kabisa mlango unafungwa. Solange alikuwa amesimama penye pazia, amefunika mdomo kwa mkono, na nilitamani nimwambie nisamehe lakini hapo hata kikohozi kingesikika. Papa Solange akajiweka sawa, akaanza: "Wakubwa, tunawashukuru kwa kufika…" Na kila mtu anajua sentensi inayoanza hivyo inaishia wapi.

"Ngoja," akasema Nyogokuru.

Alikuwa kwenye kiti chake pembeni, amefungwa shali kiunoni. Hakumtazama mwanawe, alitazama nje, ambako godoro lilikuwa bado limeegemezwa ukutani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulirudisha.

"Asubuhi ulibeba nini, mwana wangu?"

Papa Solange akalitazama godoro.

"Ulibeba godoro. Huyu hanijue, hajaniona hata siku moja. Alibeba miye." Akagusa mbavu zake. "Alinibeba vibaya. Lakini alinibeba."

Sijawahi kuona mtu mzima akiinamisha kichwa kwa muda mrefu vile mbele ya wageni. Niliona aibu kwa niaba yake, kweli, nikatamani nimwambie papa, hata miye nilimpita kwanza. Mwishowe alifuta uso kwa kiganja, akageukia jikoni na kusema, "Leteni vinywaji." Papa mudogo wangu akashusha pumzi hadi tai yake ikasogea.

Tulioana. Siku ya harusi Papa Solange alitupa zawadi yake mbele ya watu wote, ameifunga kwa kitambaa kizuri, na tulipofungua nyumbani tukakuta ni lile godoro. Alisema tu hataki kuliona tena kwake. Ni zuri, halina shimo, tunalilalia hadi leo.

Nami nimeapa, na Solange ni shahidi. Kwenda Munigi nakimbia, kwa sababu mtu anayekimbilia mlima hamshtui yeyote, wanasema tu huyo ni mgonjwa. Kurudi natembea, mikono mfukoni, nasalimia kila nyumba. Na nikifika kwa yule mama wa shu nasimama kwanza hadi pumzi zirudi zote, maana kila mara ananiuliza kwa makusudi: "Papa, kuko nini?" Namjibu polepole, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa soko: "Hakuna kitu, mama. Ni miye tu."