Tulimfundisha Kusalimia

Nikiwasimulia watu habari za mwenzangu wa kiwandani, swali lao la kwanza huwa lile lile: alikuwa na kipaji gani? Wamesikia redioni kwamba watu wa namna yake wana vipaji, mmoja anapiga hesabu kichwani kushinda mashine, mwingine anachora jengo zima baada ya kulitazama mara moja. Wanajiweka sawa wasikie maajabu. Swali hilo linaniudhi, na huwa sifichi. Hakuwa na kipaji chochote. Alikuwa anakunja mashuka. Alikuja kazini, akakunja, akarudi Bigwa kwa mama yake, kama sisi wengine tulivyorudi Mwembesongo kwa watoto wetu. Mbona sisi hakuna aliyetutaka tuwe maajabu ndipo tupewe kazi?

Siku hizi kuna neno, usonji, na kuna semina za kulieleza. Wakati ule hatukuwa nalo. Tulikuwa na maneno mengine, ya kuumiza, na siyarudii hapa. Hakuna daktari aliyempima, kwa hiyo na mimi simbandiki jina. Nasema tu alivyokuwa.

Hakukutazama usoni. Hakupenda kushikwa bega. Kelele za mashine za kufuma zilimtesa hata kupitia ukutani, kwa hiyo aliziba masikio kwa pamba, zile nyuzinyuzi zinazoanguka sakafuni. Ukimbadilishia zamu ghafla alitetemeka, akakaa chini, na kazi ikaishia hapo. Na salamu hakuziweza. Shikamoo haikumtoka hata mbele ya mzee mwenye mvi, na kwetu Morogoro ukimpita mzee kimya ni kama umemtukana. Ukimuuliza habari za nyumbani, hakusema nzuri kwanza ndipo aeleze shida, kama tufanyavyo sote. Alikupa habari yenyewe: mama anaumwa mgongo, paa linavuja upande wa jikoni, mbuzi wa jirani amekula mchicha wetu. Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakazoea, na asiyekuwa na nafasi ya kusikiliza jibu akaacha kumuuliza. Mimi naona huo ni uungwana.

Nilikuwa nakunja naye mimi. Shuka kubwa la kiwandani halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, mmoja huku na mwingine kule, mnalikung'uta, mnalivuta likae sawa, kisha mnatembea mkielekeana mpaka mikono ikutane. Mmoja anapokea ncha zote, mwingine anainama kuokota mkunjo, mnaanza upya. Kazi hiyo haina haja ya maneno. Inataka mtu asiyekuvuta kwa pupa wala kukuachia kabla hujashika vizuri. Mwenzangu wa kwanza alikuwa dada mmoja msema sana, kila akinogewa na umbea ncha zinamponyoka, nguo inaburuta chini, tunagombezwa wote wawili. Huyu aliangalia pindo la shuka, si mimi. Nilimaliza zamu mgongo ukiwa mzima, na hicho ndicho nilichokitaka kwa mtu wa kufanya naye kazi.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kiluguru, ametoka juu milimani, na semina hakuwahi kuiona. Alitupatia meza ya mwisho, kwenye dirisha linalotazama mlima, mbali na mlango wa mashine. Zamu ikibadilika, alimwambia jana yake. Juu ya pamba za masikioni hakuuliza. Asubuhi hakungoja shikamoo, alianza yeye. "Umeamka?" Naye alijibu, "Nimeamka." Ikaisha hapo. Mzee hakuona kwamba amefanya wema wowote. Alitaka mashuka yakunjwe.

Kisha kiwanda kikauzwa. Kwanza soko lilijaa mashuka ya nje na mitumba, yetu yakalala ghalani, halafu tukaambiwa serikali imechoka kubeba viwanda, anakuja mwekezaji. Tuliambiwa pia kwamba kila mmoja wetu ataomba kazi upya na kufanyiwa usaili. Hebu fikiri. Umekunja mashuka mpaka vidole vimeota sugu, halafu unaitwa uulizwe kama unaweza kukunja mashuka. Niliposikia nilitema mate, na sioni haya kusema hivyo.

Walioitwa mwanzo walirudi na habari kwamba afisa utumishi mpya, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, haulizi sana juu ya kazi. Anaangalia nidhamu. Anaangalia unavyoingia, unavyosalimia, unavyomtazama. Mzee wetu aliposikia hayo alinyong'onyea. Sote tulijua nani ataanguka, na tulijua kule Bigwa mama mtu anaishi kwa mkono wa mwanawe huyo mmoja.

Ndipo mzee akasema tumfundishe. Mimi nilikataa. Mtu mzima, ameingia kiwandani kabla yangu, leo afundishwe kuamkia kama mtoto anayepelekwa ugenini? Mzee akaniambia, "Mwanangu, hasira yako haitamlisha mama yake." Nikaendelea kukunja, lakini sikukubali.

Basi tukaketi nyuma ya ghala wakati wa chai, mzee akajifanya bosi juu ya kreti. "Ukiingia, yeyote utakayemkuta nyuma ya meza, mwambie shikamoo." Mwenzangu akasema. Kwa shida, lakini akasema. Akarudia, na siku zilizofuata akarudia tena, mpaka neno likaacha kumkwama. Tukajaribu na habari.

"Akikuuliza habari, sema nzuri."

"Na kama si nzuri?"

"Sema nzuri hivyo hivyo."

"Huo ni uongo," akasema, akaondoka kwenda kusuuza kikombe chake. Mzee akacheka peke yake. Tukabaki na shikamoo.

Siku ya usaili tulikaa kwenye benchi la varandani, mlango wa ofisi wazi kwa sababu ya joto. Niliingia mimi kwanza. Kijana hakunisumbua, aliambiwa wakunjaji wenye uzoefu watahitajika kufundisha wapya, akaniambia nisubiri kusaini. Nikatoka, akaingia yeye.

"Shikamoo," akasema. Safi kabisa, kama tulivyomfundisha.

Kijana yule alikuwa mdogo kwake kwa umri, dhahiri kabisa. Ukiwaweka pamoja utadhani mtu na mdogo wake wa mwisho. Mkubwa hamwamkii mdogo shikamoo ila akimfanyia dhihaka. Hilo hakuna kati yetu aliyelifikiria, maana kwenye vichwa vyetu bosi ni mzee. Mwenzangu akageukia meza ya pili, alipokaa binti karani aliyemaliza shule juzi. "Shikamoo." Binti akaangua kicheko.

"Unanikebehi?" kijana akauliza.

"Sijui."

"Toa hiyo pamba masikioni. Na unitazame ninapozungumza nawe."

Hakuitoa, hakumtazama. Haukupita muda mwenzangu akatoka, na nyuma yake nikasikia, "Huyu hapana. Anayefuata."

Niliingia mimi tena. Nina watoto, na mume wangu alikuwa amekwisha kupunguzwa kazi kwingine. Lakini nilikuwa nimechemka. Nilimweleza kijana kwamba shikamoo ile ilikuwa ya kufundishwa, pamba ni za kelele, na macho yake hayahusiani na mashuka. Alinisikiliza kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, mbona unajipa taabu? Huyu ana nini cha pekee?"

"Hana cha pekee. Anakunja mashuka. Na mimi niliyechukuliwa nina nini cha pekee? Hukuniuliza."

Akasema basi, kwa huruma, anaweza kumpa ufagio, awe anafagia uwanja. Sauti ikatoka nje kwenye benchi, haikupanda wala kushuka: "Mimi nakunja."

"Umesikia," nikasema. "Na mimi shuka silikunji peke yangu. Ukinichukua mimi umechukua ncha mbili tu. Mbili nyingine ziko pale nje."

"Unanitisha, mama?"

"Nakueleza kazi ilivyo."

Ndipo mzee wetu akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Shikamoo ile nilimfundisha mimi, bwana mkubwa. Kama ni dhihaka, kosa niandikie mimi." Na niseme jambo linaloniunguza mpaka leo. Kijana yule aliyefukuza watu kwa ajili ya salamu, tangu aje sikumsikia hata mara moja akimwamkia mzee yule. Hata pale mlangoni hakumwamkia. Aligonga gonga kalamu, akasema atalifikiria.

Alilifikiria hivi. Mwenzangu alichukuliwa kwa majaribio, kwa sharti kwamba awasalimu wakubwa vizuri. Mzee hakuchukuliwa. Walisema umri. Mwaka mzima wa nyuma umri haukumzuia kufungua chumba chetu kabla hatujafika, sasa ukamzuia. Sikutaka kuliamini, nikaenda kusoma orodha ubaoni mwenyewe. Jina lake halikuwapo.

Asubuhi ya kwanza chini ya mwekezaji tuliingia wachache. Meza nyingi zilikuwa tupu, zimefunikwa turubai. Hakuna aliyeuliza "umeamka?" Mwenzangu alisimama kwenye meza yetu ya dirishani, anautazama mlango ambao mzee alizoea kuingilia. Nikachukua shuka la kwanza kumpa kitu cha kushika.

Kijana akaingia, amefuatana na wageni wa mwekezaji waliovaa tai. Akasimama katikati ya chumba, uso umekunjuka.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri," tukajibu sote kwa pamoja, mimi nikiwamo, kama tulivyozoea tangu tuzaliwe.

"Mbaya," akasema mwenzangu. Hakupaza sauti. "Mzee hayupo."

Wageni wakaangaliana. Kijana alinigeukia mimi, si yeye, na macho yake yalikuwa yanauliza kama hilo ndilo somo jipya tulilompa nyuma ya ghala.

"Hilo," nikamwambia, "hatukumfundisha sisi."

Mwenzangu alikwisha kushika ncha zake mbili, ananisubiri. Nikashika zangu.